Mto Uliopewa Jina la Mpole

Kabla kompyuta hazijaingia katika ofisi ya ramani, kila jina lililoonekana kwenye ramani lilikuwa limeandikwa kwa mkono wa mtu. Kwa miaka mingi mkono huo ulikuwa wa mwanamke mmoja mwembamba, mtu wa maneno machache, ambaye wenzake walimwita Mama Herufi hata kabla hajazaa.

Chumba chao cha kuchorea kilikuwa ghorofani, upande wa jengo usiopigwa na jua la mchana. Meza zilikuwa zimeinama kama paa la kibanda, na kila meza ilikuwa na taa yenye shingo ndefu. Walichochorea hakikuwa karatasi hasa, bali plastiki nyembamba yenye rangi ya ukungu, na ukiigusa kwa kiganja chenye jasho, wino hukataa kushika. Ndiyo maana Mama Herufi alijipaka poda mikononi kila asubuhi, kama mama aliyetoka kumwogesha mtoto, ndipo akashika kalamu. Milima aliiandika kwa herufi nyeusi zilizosimama wima. Mito aliiandika kwa wino wa bluu, herufi zimelala kidogo, zikipinda pale mto unapopinda. Hapo ndipo ufundi wake ulipoonekana. Akikosea, hakuwa na haraka. Alikwangua wino kwa ncha ya wembe, punje kwa punje, akapuliza vumbi, akaanza upya.

Mumewe alimpata humo humo ofisini. Alikuwa mpimaji, mtu wa miraba minne mwenye sauti ya chini, na jina lake la kazini lilikuwa Mpole. Alilipata siku gari lilipozama matopeni, wenzake wakalaani kila kitu kuanzia dereva hadi mawingu, naye akavua viatu, akakunja suruali, akaanza kuchimba. Kazi yake ilikuwa kukaa porini miezi na miezi, lakini kila aliporudi hakukosa sababu ya kupanda ngazi hadi chumba cha kuchorea. Mara anataka kuhakikisha bonde limeandikwa sawasawa, mara ana kijito cha kuongeza, kijito ambacho hata jongoo angekivuka bila kulowa. Mkuu wa ofisi, rafiki yake wa tangu ujana, alimwambia mbele ya watu, "Mpole, ramani yako sasa ina mito mingi kuliko maji. Mwoe huyu dada tupumzike."

Akamwoa. Wakajaliwa binti mmoja.

Wakati ule, kwenye ramani kubwa iliyotundikwa ukutani ofisini, upande wa msitu palikuwa na doa jeupe. Juu ya doa hilo, vilimani, mto mmoja ulishuka na kuingia msituni, na watu wa vilimani waliuita Maji ya Ukungu. Chini ya doa, mto mpana ulitoka msituni na kumwagika bondeni, na watu wa bondeni waliuita kwa neno la lugha yao ambalo ofisini hapakuwa na aliyejua maana yake. Katikati hakukuwa na kijiji, wala njia, wala mtu wa kuulizwa. Je, ulikuwa mto mmoja au miwili? Wengine walisema ule wa juu unakufia kwenye kinamasi, na ule wa chini unaanza na chemchemi zake. Mpole alitumwa akapate jibu.

Asubuhi ya safari alimweleza mkewe kwa kuchora na kidole juu ya meza ya chakula. "Huu unaingia hapa. Huu unatokea pale. Mimi nadhani ni mmoja, ila kudhani si kujua."

"Na ukiwa mmoja?"

"Basi utakuwa na mstari mrefu wa kuandikia. Weka tayari wino wa bluu."

Binti yao, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukimbia, alimfuata baba yake hadi kwenye gari na kulia alipokatazwa kupanda.

Habari zililetwa na wasaidizi wake wawili waliorudi. Walikuwa wameufuata mto msituni hadi mahali penye miamba, wakaamua kuvuka kwa mtumbwi wa mpira. Mbingu ilikuwa nyeupe pee, hakuna hata wingu. Lakini mvua ilikuwa imenyesha mbali, vilimani, na mto ukaja kama ukuta. Wasaidizi walikuwa tayari ng'ambo. Mpole alibaki nyuma ameshika ncha ya kamba ili vyombo vifike, na hakuiachia. Walimtafuta. Serikali ikapeleka watu vilimani, wakauliza kijiji hadi kijiji, wakashuka msituni hadi miguu yao ilipogoma. Kisha masika yakafunga njia, na msako ukaishia hapo.

Mama Herufi hakupata maiti ya kuzika. Alipata mkoba wa vyombo, kofia, na pole za watu.

Mwaka uliofuata ndege ilipiga picha za msitu kutoka juu, na jibu likapatikana. Ulikuwa mto mmoja. Mkuu wa ofisi alimwita chumbani kwake, akamvutia kiti mwenyewe.

"Shemeji," alisema, "majina mawili kwa mto mmoja ni ugomvi, si jina. Kamati ya majina imekaa. Tumekubaliana uitwe Mto Mpole, tangu vilimani hadi bondeni. Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Kama utaona ni mzigo, mwingine ataandika."

"Nitaandika mimi," alisema.

Alirudi mezani, akajipaka poda. Kwanza alifuta kwa raba majina mawili yaliyoandikwa kwa penseli, la juu na la chini. Kisha akaliandika jina la mumewe pale palipokuwa na doa jeupe, herufi baada ya herufi, likipinda na mto. Baadaye, akiwa kwenye ngazi, alilazimika kukaa kwenye kidato huku watu wakimpita na mafaili.

Nakala ya ramani ile aliitia fremu, akaitundika sebuleni. Binti alikua akiitazama. Aliposhindwa kulala, alipandishwa kwenye kiti apitishe kidole juu ya mstari wa bluu kutoka mwanzo hadi mwisho. Shuleni mwalimu alipouliza kila mtoto baba yake ni nani, wengine walisema dereva, wengine mfanyabiashara. Yeye alisema, "Baba yangu ni mto." Darasa likaangua kicheko, naye hakujali. Mjane anayelea peke yake hujifunza kushukuru kwa chochote kinachomshikilia mtoto, na jina lile lilimshikilia binti yule kama reli inavyomshika mtu ngazini.

Miaka ikapita. Barabara ikapasuliwa msituni, ikafika kwenye ile miamba. Daraja halikujengwa; wakati wa kiangazi magari yalivuka juu ya mawe mapana, maji yakigusa magurudumu tu. Kando ya barabara pakasimikwa bango la chuma lenye jina la mto.

Siku moja Mama Herufi alikuwa anapiga pasi, redio ikisema peke yake mezani, akasikia: "Mto Mpole umeua watu wanne wa familia moja." Alisimama, pasi ikiwa juu ya kitambaa, mpaka aliponusa kinaungua.

Haikuwa mara ya mwisho. Karibu kila mwaka mto ulichukua watu, na daima ilikuwa hivyo hivyo: mbingu safi, maji kidogo, kisha ghafla maji mengi. Mpole umefurika. Mpole umezoa basi. Kwenye foleni ya benki alimsikia mtu akimwambia mwenzake, "Huyo Mpole kwa kuua hana mfano." Wakacheka kidogo, kicheko cha watu wasio na ndugu kule. Yeye alitazama viatu vyake. Angewaambia nini? Kwamba mtu huyo alikuwa akimtoa buibui nje kwa kipande cha karatasi badala ya kumkanyaga? Ofisini wenzake walizoea kuzungusha kitufe cha redio kila alipoingia, na huruma ile ilimuuma kuliko habari yenyewe.

Alikuwa ameshastaafu, binti ameshaolewa na kuhamia mtaa mwingine, alipopata mgeni. Ilikuwa mchana. Mlangoni alisimama mama wa makamo, kitambaa kichwani, viatu vimejaa vumbi la safari.

"Nimeelekezwa kwamba hapa ndipo kwa mke wa Mpole," alisema.

"Ndipo. Karibu."

Mgeni aliketi ukingoni mwa kiti, akapokea chai, asiinywe. Macho yake yalikwenda kwenye ramani ukutani na kubaki huko.

"Mimi natoka bondeni, mwenzangu. Kule mto unakotokea msituni. Binti yangu alikuwa mwalimu. Alipangiwa shule ng'ambo, wakaondoka gari moja na walimu wengine, wageni watupu. Walipofika kwenye mawe, mwanangu aliona maji yamebadilika rangi. Akawaambia, tusubiri. Huyo dereva akamwambia..." Alitafuta pa kuweka kikombe. "Kijana mmoja alipona, ndiye aliyenisimulia. Dereva alisema, 'Mwalimu, mto wenyewe unaitwa Mpole, wewe unaogopa nini?' Wakacheka wote. Mwanangu aliona haya kubaki peke yake barabarani. Akapanda."

Mama Herufi alikipokea kikombe, akakiweka mezani.

"Sikuja kugomba," mgeni aliendelea. "Nimeambiwa Mpole alikuwa mtu. Nikasema, niende nijue alikuwa mtu gani."

Basi Mama Herufi akamsimulia. Alimsimulia gari lililozama, kijito cha jongoo, kamba ambayo hakuiachia. Mgeni alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na alikuwa mpole kweli?"

"Kweli."

"Basi na yeye ameonewa."

Nje mtu alikuwa anagongagonga bati.

"Kwetu mto tunauita jina jingine," mgeni alisema. "Ukilitia kwa Kiswahili, ni kama kusema Asiyepiga Hodi. Ukimtajia mtoto jina lile umeshamfundisha. Huna haja ya kumtisha wala kumchapa. Anajua maji yale hayabishi mlango."

Mama Herufi alilikumbuka neno lile, umbo lake tu, si maana. Lilikuwa moja ya majina mawili aliyoyafuta kwa raba.

Mgeni alilala pale siku ile na kuondoka kesho yake. Jumapili binti alipokuja kumsalimia mama yake, alielezwa kila kitu, na kwamba mama anakusudia kwenda ofisini kuomba jina liondolewe. Binti aliweka chini mfuko aliokuja nao.

"Mama, baba hana kaburi. Ana mto. Unataka kumnyang'anya na huo?"

"Jina la baba yako linawadanganya watu njiani, mwanangu."

"Si jina linaloua. Ni maji, na madereva wapumbavu, na serikali isiyojenga daraja. Kwa nini alipe baba?"

Yote aliyosema yalikuwa kweli. Mama alisema tu, "Angekuwa hai, angekwenda kulitoa mwenyewe."

"Wewe unajuaje? Ulikaa naye miaka mingapi? Mimi sikukaa naye kabisa. Mimi nilikaa na ramani."

Binti aliondoka bila kunywa maji. Miezi ikapita hakuja. Simu alipokea, lakini alijibu kama anayeongea na mtu wa bima.

Mama Herufi alikwenda ofisini. Mkuu wa zamani alikuwa ameshafariki, na aliyekalia kiti chake alikuwa kijana ambaye yeye mwenyewe aliwahi kumfundisha kushika kalamu.

"Mama, unajua unachokiomba?" alimuuliza kwa upole. "Hii ndiyo heshima pekee tuliyompa mzee."

"Najua, baba. Ninaiomba hivyo hivyo."

Kamati ilichukua muda wake, maana kamati haijawahi kukimbizwa na mtu, lakini ilikubali. Mto wote ungeitwa kwa jina la watu wa bondeni, na juu kabisa, kwa herufi ndogo, litajwe na jina la watu wa vilimani. Siku ya kubadilisha walimwita aje ashuhudie. Kile chumba cha kuchorea kilikuwa kimejaa kompyuta, madirisha yamefunikwa. Msichana mmoja alibonyeza kitufe mara moja, na herufi za Mpole hazikuwapo.

"Ndiyo limetoka?" Mama Herufi aliuliza.

"Limetoka, bibi."

Alibaki amesimama nyuma ya kiti. Kwa wembe, angalau mtu alipata muda wa kuaga.

Yule mama wa bondeni alipopata habari alimpigia simu, akamwambia, "Sasa njoo uuone, mwenzangu." Kumbe katika maisha yake yote Mama Herufi hakuwahi kuuona mto ule ila kwenye ramani. Alikata shauri aende kiangazi kile. Alfajiri ya safari, alipokuwa anafunga mlango, alimkuta binti yake amesimama barazani na begi.

"Nani kakwambia?"

"Jirani yako hana siri. Magoti yako mabovu, huwezi kwenda peke yako." Alichukua mzigo wa mama yake, akatangulia. Hawakusemeshana tena mpaka walipopanda basi, na hata humo waliongea habari za dirisha, lifungwe au lisifungwe.

Mto ulikuwa mpana, wa rangi ya udongo, usio na makuu. Kwenye ramani ulikuwa na urefu wa vidole viwili. Hapa macho yalichoka kabla haujaisha. Mwenyeji wao aliwapeleka kumwona kaka yake mkubwa, mchonga mitumbwi, kisha wote wanne wakatembea kando ya maji hadi mahali mto ulipokunja kona kali. Pale palikuwa na ufuko mrefu wa mchanga, umejaa magogo yaliyokauka kama mifupa.

"Mto hutupa hapa ulichochukua huko juu," mwenyeji alieleza. "Mwanangu tulimpokea hapa." Juu ya mchanga, mahali maji yasipofika, palikuwa na kaburi lake jipya, na nyuma yake matuta mengine mengi ya makaburi, ya zamani, yameota nyasi. "Hao hatuwajui. Tangu enzi za babu zetu, mto ukituletea mtu, tunamzika. Hatumwulizi ametoka wapi."

Mama Herufi alimshika binti yake mkono, bila kujua kama anamshika ili amzuie au ili asianguke yeye.

"Kaka," alimwambia mchonga mitumbwi, "huyu mwanangu alipokuwa anajifunza kukimbia, kuna mtu alikuja? Mtu mkubwa. Wa miraba minne."

Mzee alifikiri, akihesabu kwa watoto wake na kwa mafuriko. "Alikuja mmoja," alisema. "Nilikuwa kijana, nilisaidia kumbeba. Alikuwa na kamba imemzunguka mkono. Tulijaribu kuifungua ikakataa, tukasema basi, aende nayo."

"Na hakuna aliyekuja kuuliza?"

"Nani angekuja, dada?"

Kweli, nani? Kwenye karatasi za serikali, mwaka ule, mtu alikuwa amepotelea katika Maji ya Ukungu, na huku chini ulikuwa mto mwingine wenye jina jingine; na picha za ndege zilipoleta jibu, msako ulikuwa umeshafungwa, hakuna aliyefikiria kuuliza tena. Mpole alikuwa ametumwa kujua kama mito ile miwili ni mmoja. Alikuwa amefika hadi mwisho wake, akawaletea watu wa bondeni jibu ambalo hawakuliuliza.

"Ni lipi?" binti aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kusema tangu wafike. "Kaburi lake ni lipi, mjomba?"

Mzee alitazama matuta, akatembea kidogo, akarudi. Uso wake ulionyesha kwamba angetamani kusema uongo. "Mvua zimesawazisha, mwanangu. Ni mojawapo ya haya. Zaidi ya hapo nitakudanganya."

Binti alikaa chini mchangani, akalia kama alivyolia siku alipokatazwa kupanda gari. Mama yake alimwacha alie. Kisha akapiga magoti, yale magoti mabovu, mbele ya tuta lililokuwa karibu naye, akaanza kung'oa nyasi. Alipolimaliza alihamia jingine. Baada ya muda binti alifuta uso kwa mkono, akaanza upande wa pili, na yule mama wa bondeni akajiunga nao. Walisafisha yote, maana hawakujua la kuacha.

Mama Herufi bado yupo. Macho yamepungua, na siku hizi binti yake ndiye anayekwenda bondeni kila kiangazi na jembe dogo. Ramani mpya ina jina la watu wa bondeni, lakini bango la barabarani halijabadilishwa hadi leo, na redio nayo inasema vilevile. Jina likishazoea midomo ya watu halitoki kwa amri ya kamati. Kwa hiyo bado hutokea, asubuhi moja moja, akasikia kwamba Mpole umechukua watu. Husikiliza mpaka mwisho, ajue ni watu wa wapi. Kisha humpigia simu mwenzake wa bondeni kumuuliza kama kuna aliyefika, na akiambiwa yupo, huwatafuta jamaa wa marehemu, polisi au msikitini au kanisani, popote atakapoelekezwa, awaambie waache kuhangaika vilimani, wateremke kule kwenye mchanga.